Mkimbizi na Mkimbizi wa Ndani: Tofauti Yake ni Nini?

NAKALA YA KIPINDI CHA REDIO
Ya kusomwa hewani na katika vikundi vya kusikiliza
Lugha: Kiswahili
Kwa viongozi wa vikundi: someni polepole, simameni kila penye alama ya MUZIKI, waulizeni watu kama wameelewa.

MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA

MTANGAZAJI: Karibu msikilizaji, popote ulipo: chini ya mwembe, ndani ya hema, kwenye foleni ya maji, au uko mbali na umeazima simu ya jirani ili usikilize. Mimi ni mtangazaji wenu, mtoto wa Quiterajo, pwani ya Macomia, karibu na mto Messalo unapoingia baharini. Kama wengi wenu, nami naishi kambini.

Leo hatuzungumzii kipindupindu wala chandarua. Tunazungumzia maneno mawili. Usizime redio! Najua mtu akisikia maneno anasema, haya ya mwalimu wa shule, mimi nina njaa. Lakini ngoja nikusimulie kitu kwanza, halafu uamue mwenyewe kama maneno hayana kazi.

Shangazi yangu aliondoka Quiterajo na nguo aliyovaa, mtoto mgongoni na sufuria moja. Kitambulisho chake, BI, kilibaki ndani ya nyumba, na nyumba iliungua. Tulipofika mahali pa usalama tukaambiwa kuna ofisi inaandikisha watu waliopoteza karatasi. Tukapanga foleni tangu alfajiri. Zamu yake ilipofika, karani akauliza kwa Kireno, "A senhora é quê?", yaani, mama, wewe ni nani hapa? Kijana aliyekuwa akitafsiri akamgeuzia swali. Shangazi akajibu kwa lugha yetu: "Mimi ni mkimbizi, baba. Nimekimbia vita." Yule kijana akatafsiri neno kwa neno: "É refugiada."

Karani akaandika. Akasema, hapa si mahali pake, refugiada aende ofisi ya wageni. Tukaenda ofisi ya wageni. Huko wakamuuliza, "Mama, nchi yako ni ipi?" Akasema, "Hii hii." Wakacheka. Wakamwambia arudi kule alikotoka. Kule alikotoka, jina lake lilikuwa limeshaandikwa upande wa wageni. Ilichukua miezi kulitoa. Miezi hiyo yote shangazi hakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake, na hakuweza hata kusajili laini ya simu.

Shangazi hakusema uongo. Alikimbia, na kwa Kiswahili anayekimbia ni mkimbizi. Karani naye alisikia neno la Kireno lenye maana yake kisheria. Kosa lilikuwa katikati, kati ya lugha na lugha. Ndiyo maana leo tunakaa na maneno haya mawili mpaka yaeleweke.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA KWANZA: MANENO YENYEWE

MTANGAZAJI: Tuanze na Kiswahili chetu. Mkimbizi linatoka kwenye kukimbia. Neno hili linatazama miguu ya mtu. Limeona mtu anakimbia, likampa jina. Halikuuliza amekimbilia wapi. Amekimbilia porini, mkimbizi. Amekimbilia Pemba, mkimbizi. Amekimbilia Mtwara, mkimbizi vilevile.

Lugha za wazungu hazikutazama miguu. Kwa Kiingereza wanasema "refugee". Kwa Kireno, "refugiado". Ndani ya maneno hayo mna neno jingine lenye maana ya hifadhi, mahali pa kujificha na hatari. Sisi tuna neno kimbilio. Basi refugiado ni mtu aliyepata kimbilio kwa wengine. Kiingereza kilichukua neno hilo kutoka Ufaransa. Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa aliwaondolea Waprotestanti haki ya kuabudu kwa dini yao, na wengi wakavuka kwenda Uingereza, Uholanzi na kwingineko. Hao ndio walioitwa hivyo. Kwa hiyo neno hilo tangu mwanzo lilibeba habari ya mtu aliyetoka kwa mfalme wake akaomba hifadhi kwa mfalme mwingine. Mpaka uko ndani ya neno.

Neno la pili kwa Kiingereza ni "displaced", na kwa Kireno ni "deslocado". Hili nyote mnalijua. Tangu 2017 limekuwa kama jina letu la pili. Maana yake ni aliyeondolewa mahali pake. Wareno husema hivyohivyo kwa mfupa: bega likiteguka, wanasema ni bega "deslocado". Bega lililoteguka bado liko kwenye mwili uleule. Halikuhamia mwili mwingine. Limetoka tu mahali pake, na linauma. Ukitaka kukumbuka maana ya deslocado, kumbuka bega hilo. Deslocado bado yuko ndani ya nchi yake.

Kwa Kiswahili deslocado anaitwa mkimbizi wa ndani. Redio za Tanzania na Kenya husema hivyo, na Umoja wa Mataifa katika habari zake za Kiswahili husema hivyo. Ndugu zetu wa Kongo mara nyingi hutumia neno la Kifaransa, "deplase". Lakini angalia: mkimbizi, na mkimbizi wa ndani. Kilichoongezeka ni maneno mawili madogo tu, "wa ndani". Mfasiri akiyasahau hayo mawili, umekuwa mgeni kwenye nchi yako, kama shangazi.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA PILI: MPAKA

MTANGAZAJI: Tofauti kubwa kuliko zote ni moja, nayo ni mpaka. Mkimbizi amevuka mpaka wa nchi. Mkimbizi wa ndani hajavuka.

Tuchukue mfano. Siwataji majina, ila kila mmoja wetu anawajua watu kama hawa. Ni ndugu wawili, mama mmoja, wa kijiji kimoja cha Quiterajo. Mwaka 2020 vita vinafika. Ndugu mkubwa anapata nafasi kwenye jahazi, anakwenda kusini, anapita kando ya Matemo na Ibo, anashuka Pemba kwenye ufuo wa Paquitequete. Mwaka ule, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, majahazi yalikuwa yanashusha watu pale mchana na usiku, maelfu kwa maelfu. Si wote waliofika. Mwishoni mwa Oktoba 2020 chombo kimoja kilizama kati ya Ibo na Matemo na makumi ya watu wakafa maji. Mungu awarehemu.

Ndugu mdogo hakupata jahazi. Alishika njia ya msitu kwenda kaskazini, siku nyingi kwa miguu, akafika mto Ruvuma, akavuka. Sasa yuko Tanzania.

Moto uliowakimbiza ni mmoja. Njaa ya njiani ni moja. Mama yao ni mmoja. Lakini sheria inawatazama kwa macho mawili. Ndugu mkubwa wa Paquitequete ni mkimbizi wa ndani, deslocado. Ndugu mdogo aliyevuka Ruvuma ni mtu anayeomba hifadhi, na akikubaliwa ni mkimbizi kamili.

Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, Ruvuma ni mto tu. Babu yangu alikuwa na shamba ng'ambo hii na mke ng'ambo ile." Kweli, mzee. Wamakonde wako pande zote mbili, Wayao wako pande zote mbili, na lugha za pwani zinasikilizana mpaka Mtwara na Lindi. Mpaka ule Wareno na Wajerumani waliupatana mwaka 1886, na hawakumuuliza babu yako. Lakini sheria za leo zinaufuata. Ukikanyaga ng'ambo, karatasi yako inabadilika.

Na kubadilika huko si jambo geni kwetu. Wazee wetu wakati wa vita vya kumtoa Mreno, kuanzia 1964, walivuka Ruvuma. Wengine walipewa ardhi ya kulima Rutamba, mkoa wa Lindi. Hao walikuwa wakimbizi. Baadaye, katika vita vilivyokwisha kwa Mapatano ya Roma tarehe 4 Oktoba 1992, watu wa Msumbiji wapatao milioni 1.7 walikuwa nchi za jirani, zaidi ya milioni moja wakiwa Malawi peke yake. Nao walikuwa wakimbizi. Lakini wakati uleule mamilioni wengine walikuwa wamekimbia vijiji vyao bila kutoka Msumbiji. Hao walikuwa wakimbizi wa ndani, ingawa siku hizo neno hilo halikuwa limeenea.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA TATU: MKIMBIZI ANALINDWA NA NINI?

MTANGAZAJI: Mkimbizi ana mkataba wake. Uliandikwa Geneva tarehe 28 Julai 1951. Unasema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi au asili yake, dini yake, uraia wake, kundi lake katika jamii, au siasa zake, na nchi yake haiwezi kumlinda au yeye anaogopa kuiomba ulinzi. Mwanzoni mkataba huo ulihusu mambo yaliyotokea kabla ya 1951. Mwaka 1967 ukaongezewa Itifaki iliyoondoa kikomo hicho.

Afrika ikaona hiyo haitoshi. Risasi inapopigwa kijijini haimuulizi mtu siasa zake. Kwa hiyo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukatunga mkataba wake tarehe 10 Septemba 1969. Huo unasema pia ni mkimbizi yule aliyelazimika kuvuka mpaka kwa sababu ya uvamizi, kutawaliwa na wageni, au machafuko makubwa ya amani katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Sikia vizuri: sehemu ya nchi yake. Si lazima nchi yote iwe inawaka. Ndugu mdogo akiambiwa, "Mbona Maputo kuna amani?", mkataba wa Afrika tayari umelijibu swali hilo.

Msumbiji ina sheria yake ya wakimbizi, namba 21 ya mwaka 1991. Ofisi ya serikali inayoshughulika nao inaitwa INAR. Pamoja nayo kuna shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR. Ukitaka kuwaona wakimbizi kamili ndani ya Msumbiji, nenda Maratane, karibu na mji wa Nampula. Pale wapo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Ukisalimia kwa Kiswahili utajibiwa kwa Kiswahili. Na katika mkoa huohuo wa Nampula, wilaya ya Meconta, kuna Corrane, walikopelekwa watu waliotoka Cabo Delgado. Corrane ni deslocados, Maratane ni refugiados. Mkoa mmoja, jua moja, sheria mbili.

Haki kubwa kuliko zote ya mkimbizi ni hii: asirudishwe kwa nguvu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Imo katika kifungu cha 33 cha mkataba wa 1951. Haki hiyo haingoji kadi. Hata yule aliyefika jana, ambaye kesi yake bado haijasikilizwa, inamhusu. Naisema kwa sababu inatugusa. Mwaka 2020 na 2021 maelfu ya watu waliovuka Ruvuma walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, na UNHCR ilisema hadharani kwamba watu wanaokimbia Cabo Delgado wanapaswa kupewa nafasi ya kuomba hifadhi.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu aliyevuka, mwambie neno la kusema. Asiseme tu, "Nimekuja kutafuta maisha." Huyo ataandikwa mtafuta kazi. Kama amekimbia vita, aseme ukweli huo waziwazi: "Nimekimbia vita, naogopa kurudi, naomba hifadhi." Maneno hayo matatu yana uzito.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA NNE: MKIMBIZI WA NDANI ANALINDWA NA NINI?

MTANGAZAJI: Sasa turudi kwa ndugu mkubwa pale Paquitequete. Watu wengine husema deslocado hana sheria, eti sheria ni ya wakimbizi peke yao. Si kweli.

Kwanza, deslocado ni raia. Hili ndilo jambo ambalo shangazi alikaribia kulipoteza. Katiba ya Msumbiji ni yake. Kupiga kura ni haki yake. Mtoto wake kuingia shule, yeye kutibiwa, kutembea kutoka wilaya moja kwenda nyingine, kufanya kazi bila kibali cha mgeni: vyote ni vyake kama vilivyo vya mtu wa Maputo. Hajaomba hifadhi kwa mtu. Yuko kwake. Anayewajibika kumlinda, wa kwanza kabisa, ni serikali yake mwenyewe. Mashirika huja kusaidia.

Pili, kuna miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani. Aliyesimamia kuandikwa kwake alikuwa Francis Deng, mtu wa Sudan. Na tatu, Afrika ilifanya jambo ambalo mabara mengine hayakuwa yamelifanya: ilitunga mkataba kamili juu ya wakimbizi wa ndani. Ulipitishwa Kampala, Uganda, tarehe 23 Oktoba 2009, ukaanza kutumika tarehe 6 Desemba 2012. Unaitwa Mkataba wa Kampala, na Msumbiji imejiunga nao. Mwaka 2021 serikali ya Msumbiji ilipitisha pia sera yake ya kushughulikia deslocados.

Mkataba wa Kampala unasema mkimbizi wa ndani ni mtu aliyelazimika kuacha nyumba yake au mahali alipozoea kuishi kwa sababu ya vita, ghasia, kuvunjwa kwa haki za watu, au maafa, na ambaye hajavuka mpaka wa nchi. Umesikia hapo, au maafa. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani yetu. Ibo na Macomia zilivunjwavunjwa. Mtu aliyehama kwa sababu ya Kenneth na mtu aliyehama kwa sababu ya bunduki wote wawili ni deslocados. Hapa maneno yetu mawili yanaachana tena. Kwa vita unaweza kuwa mkimbizi ukivuka. Kwa kimbunga peke yake, ukivuka mpaka, mkataba wa 1951 haukutaji.

Mkataba unaipa serikali kazi nyingi. Nataja tatu zinazotuhusu kila siku.

Karatasi. Serikali inapaswa kumwandikisha mkimbizi wa ndani na kumrudishia karatasi zilizopotea, bila masharti yasiyo ya haki. Kukuambia urudi Quiterajo kwenye hatari ukachukue cheti cha kuzaliwa si haki.

Mali. Ulichoacha nyuma kinapaswa kulindwa. Wengi mnaniuliza juu ya mashamba na minazi. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya 1997 inasema ardhi ni ya dola, lakini inatambua haki ya kuitumia kwa jamii zinazoikaa kwa mila, na kwa mtu aliyeitumia kwa nia njema kwa miaka 10. Kukosa hati hakuifuti haki hiyo, na ushahidi wa mdomo wa majirani unakubalika. Basi fanya hivi: kaa na wazee wa kijiji chako walio hapa kambini, taja mipaka ya shamba lako mbele yao. Kwa jirani wa kaskazini nani, wa kusini nani, minazi mingapi, kisima kiko wapi. Aandike anayejua kuandika, mtie sahihi au alama ya kidole. Wazee wanaondoka duniani, na kumbukumbu zinaondoka nao.

Kurudi. Kurudi ni hiari. Huwezi kulazimishwa kurudi mahali ambapo maisha yako yako hatarini. Una haki ya kuchagua kati ya mambo matatu: kurudi kwenu, kubaki hapa ulipo na kujenga maisha, au kwenda kukaa sehemu nyingine ya nchi. Na una haki ya kuambiwa ukweli wa hali ya kule kabla ya kuchagua.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA TANO: MASWALI YENU

MTANGAZAJI: Tulipita na kinasa sauti, tukakusanya maswali. Tusikilize.

SAUTI YA MAMA: Mwanangu, mimi nilivuka nikafika ng'ambo, nikakaa mwezi, nikarudi huku. Sasa mimi ni nani?

MTANGAZAJI: Ahsante mama. Ulipokuwa ng'ambo ulikuwa na haki ya kuomba hifadhi kama mkimbizi. Uliporudi Msumbiji, umerudi kwenye nchi yako. Lakini kama hukuweza kurudi nyumbani kwako hasa, uko hapa kwa sababu kule hapakaliki, basi wewe ni mkimbizi wa ndani, deslocada. Ukiandikishwa sema yote mawili: nilivuka, nimerudi, nyumbani kwangu sijafika. Usifiche kwamba ulivuka.

SAUTI YA MZEE: Miaka imepita mingi. Nimejenga kibanda, nimepanda muhogo. Kuna mtu kaniambia mimi si deslocado tena, nimezoea. Ni kweli?

MTANGAZAJI: Shikamoo mzee. Hakuna sheria inayohesabu miaka halafu ikafuta jina. Kupanda muhogo si kosa, wala si dalili kwamba mambo yamekwisha. Mtu huacha kuwa mkimbizi wa ndani pale anapopata suluhisho la kudumu, yaani anaishi kwa usalama, ana mahali pake, na hana tena shida zilizotokana na kuhamishwa. Anaweza kuyapata hayo nyumbani au hapahapa. Lakini mzee wangu, nikuambie na upande wa pili: jina la deslocado peke yake halileti chakula. Orodha za msaada zinafuata mahitaji na fedha zilizopo, na fedha hupungua. Unaweza kuwa deslocado halali na usiwe kwenye orodha ya mwezi huu. Ukiondolewa kwenye orodha, uliza sababu. Usidhani umeondolewa haki zako zote.

SAUTI YA KIJANA: Mimi ni Mkongo. Nilikuwa na duka dogo Cabo Delgado. Vita vilipofika nilikimbilia Nampula na watu wengine. Wao wanaitwa deslocados. Na mimi je?

MTANGAZAJI: Swali zuri, kaka. Wewe ulivuka mpaka kutoka Kongo, basi ulikuwa mkimbizi, na bado ni mkimbizi. Kukimbia mara ya pili hakukuondolei jina la kwanza. Mkataba wa Kampala unataja mahali mtu alipozoea kuishi, hausemi lazima awe raia, kwa hiyo yaliyokupata Cabo Delgado nayo yanahesabika. Lakini mlango wako wa karatasi ni INAR. Ukijiandikisha kama deslocado raia wa Msumbiji ili upate msaada haraka, umetoa habari isiyo kweli juu ya uraia, na siku moja itakugeuka. Tena unajivua kinga yako ya kutorudishwa Kongo. Sema ulivyo.

SAUTI YA DADA: Je, mmoja ni bora kuliko mwingine? Naona wengine wanapenda kuitwa wakimbizi, wanasema wakimbizi wanapelekwa Marekani.

MTANGAZAJI: Dada, hakuna bora. Ni kweli kwamba nchi za mbali zikichukua watu, huwachukua hasa kutoka kwa wakimbizi waliovuka mpaka. Lakini wanaochukuliwa ni wachache sana kati ya wote, na wengi hukaa kambini miaka na miaka. Dunia nzima, wakimbizi wa ndani ni wengi kuliko waliovuka mipaka. Hapa kwetu mwishoni mwa 2022 deslocados wa vita vya Cabo Delgado walizidi milioni moja. Kenya nayo imeyaona yote mawili. Tangu 1991 na 1992 ina kambi za Dadaab na Kakuma kwa wakimbizi wa nchi za jirani. Kisha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya zaidi ya 600,000 walihama makwao ndani ya Kenya yenyewe. Ilibidi nchi itunge sheria nyingine mwaka 2012 kwa ajili ya hao, kwa sababu sheria ya wakimbizi haikuwafaa.

Kubadilisha jina ili upate kitu ni kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine. Utatembea siku mbili, siku ya tatu utachechemea.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA SITA: TUKUMBUKE

MTANGAZAJI: Kabla hatujaagana, turudie pamoja. Kiongozi wa kikundi, soma kwa sauti, watu warudie.

Mkimbizi amevuka mpaka. Mkimbizi wa ndani hajavuka.

Mkimbizi kwa Kireno ni refugiado. Mkimbizi wa ndani ni deslocado.

Mkimbizi yuko kwenye nchi ya watu, anaomba hifadhi. Mkimbizi wa ndani yuko kwenye nchi yake, anadai haki ya raia.

Mkimbizi analindwa na mkataba wa 1951 na mkataba wa Afrika wa 1969. Mkimbizi wa ndani analindwa na katiba ya nchi yake na Mkataba wa Kampala wa 2009.

Mkimbizi nchini Msumbiji aende INAR. Mkimbizi wa ndani aanze kwa kiongozi wa bairro au wa kambi, na ofisi za serikali ya wilaya.

Wote wawili hawapaswi kurudishwa kwa nguvu penye hatari.

Na jambo la mwisho, kwa vijana mnaotafsiri. Mama akisema "mimi ni mkimbizi", usikimbilie kutafsiri. Muulize kwanza: "Mama, umetoka nchi gani?" Kama ametoka Quiterajo, Mucojo, Mocímboa au Palma, mwandikie deslocada. Kama ametoka Bukavu au Bujumbura, mwandikie refugiada. Swali moja tu. Kwa shangazi yangu swali hilo lingeokoa miezi.

Sasa shangazi ana BI mpya. Ameifunga kwenye nailoni, ameishona ndani ya mkoba wake, na kila akikutana na karani anasema kabla hajaulizwa: "Deslocada. De Quiterajo." Kireno chake ni hicho tu, lakini kinamtosha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI
1. Katika kikundi chetu, nani amevuka mpaka na nani hajavuka? Tunajuaje?
2. Kuna mtu aliyewahi kuandikishwa vibaya? Alifanya nini?
3. Nani kati yetu amepoteza karatasi? Ni zipi, na alikwenda kwa nani?
4. Mipaka ya mashamba yetu ya nyumbani inajulikana na wazee gani walio hapa? Lini tutakaa nao?

MTANGAZAJI: Ukiwa na swali, mpe kiongozi wa kikundi chako, atatufikishia. Usiandike jina lako kama hutaki. Mungu akilaza salama na kuamsha salama, tutaonana kipindi kijacho. Kwaherini.

MUZIKI WA KUFUNGA